Namna ya Kuitembea Njia ya Wainka hadi Machu Picchu bila Kuzidiwa na Mwinuko

Anayepanga kwenda Machu Picchu kwa miguu husoma kwamba magofu hayo ya Wainka, nchini Peru, yako mita 2,430 juu ya usawa wa bahari, akaona hakuna la kutisha. Kosa huanzia hapo. Ndege itokayo Lima, mji wa pwani, hutua Cusco baada ya saa moja na kidogo, na Cusco iko karibu mita 3,400, kimo ambacho mpandaji wa Kilimanjaro kupitia Marangu hukifikia siku ya pili, akiwa amekwisha kulala kambi ya Mandara.

Kwa hiyo usiku wa kwanza usilale Cusco. Ukishuka uwanjani, panda gari moja kwa moja hadi Ollantaytambo, iliyo karibu mita 2,800, ulale huko siku mbili, kisha urudi Cusco kuzitazama kuta za Sacsayhuamán kwa mwendo wa kobe. Kunywa maji, kula chakula chepesi na uache pombe. Chai ya majani ya koka, ambayo ni halali nchini Peru, huchangamsha lakini haitibu, na majani yenyewe usirudi nayo nyumbani, kwani nchi nyingi huyahesabu kuwa dawa za kulevya. Kuhusu asetazolamaidi, vidonge vya kukinga ugonjwa wa mwinuko, zungumza na daktari kabla ya kusafiri.

Kibali cha kuitembea njia hii hupatikana kupitia kampuni yenye leseni pekee, na kwa siku huruhusiwa watu 500 tu, wakiwemo waongozaji na wapagazi. Kitafute miezi mingi kabla, hasa ukitaka kiangazi cha Mei hadi Septemba. Februari njia hufungwa.

Safari ya siku nne, yenye urefu wa takriban kilomita 43, huanzia kilomita ya 82 ya reli. Siku ya kwanza ni ya kupasha misuli. Siku ya pili ndiyo mtihani: kutoka Wayllabamba, karibu mita 3,000, unapanda hadi kipito cha Warmi Wañusqa, mita 4,215, jina ambalo kwa Kiquechua ni “mwanamke aliyekufa”. Ngazi za mawe hazilingani vimo, moja inafika kifundoni na inayofuata gotini, kwa hiyo anayetaka kwenda kwa kasi moja huishiwa pumzi upesi. Hesabu hatua ishirini, simama, vuta pumzi, endelea. “Polepole” ya Kilimanjaro hapa haihitaji kutafsiriwa. Ukifika juu, vaa koti na uteremke mapema, kwa kuwa kambi ya Pacaymayo iko chini kwa mita 600 hivi na usingizi huko ni mwepesi kupatikana.

Kichwa kikiuma kidogo, pumzika. Lakini mtu akiyumba kama mlevi, akichanganyikiwa, au akihema hata akiwa ameketi, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku, wala asiachwe peke yake.

Siku ya tatu hupita magofu ya Sayacmarca na kuishia Wiñay Wayna, na hapo magoti ndiyo huteseka kwa miteremko; fimbo husaidia sana, mradi ncha yake ya chuma ivikwe mpira, la sivyo hukataliwa. Alfajiri ya mwisho zimebaki ngazi fupi zilizosimama karibu wima, ambazo wengi huzipanda kwa mikono na miguu, kabla ya Inti Punku, yaani Lango la Jua. Pasipoti halisi iwe mfukoni, maana hukaguliwa tena langoni mwa Machu Picchu.