Unataka kuhamia nje ya mji Malindi? Kagua mtaa kabla ya nyumba

Watu wengi wakitafuta nyumba hapa Malindi huanza na nyumba yenyewe. Taili zinang'aa, jikoni kuna kabati, kodi afadhali kuliko mjini, basi washalipa dipoziti. Mi nakwambia nyumba ni kitu cha mwisho kuangalia manake rangi utapaka, taa utaweka, mlango utabadilisha, lakini mtaa huwezi kuurekebisha peke yako. Na hii mitaa ya pembeni inayojengwa kwa kasi, Maweni, Muyeye, Ganda, mpaka kule njia ya Gede na ng'ambo ya mto Sabaki kuelekea Mambrui, hailingani hata kidogo, unavuka barabara moja tu unakuta maisha mengine.

Anza na maji. Usimuulize ajenti kama maji yako, manake atakwambia yako na wala hajasema uongo, mfereji si unauona. Uliza yanakuja siku gani, saa ngapi, na yakija yanapanda mpaka tangi la juu ama ni ya kukinga na ndoo. Maji ya bomba ya Malindi hutoka Baricho, ni visima vilivyochimbwa kando ya mto Sabaki na yanasukumwa na pampu za stima, sasa stima ikisumbua kule ama bomba likipasuka njiani mji mzima unajua, na walio mwisho wa laini ndo huteseka zaidi. Kwa hivyo inua macho uangalie paa za majirani. Ukiona kila nyumba ina tangi kubwa na mitungi ya lita 20 imepangwa mlangoni, hapo maji ni ya kubahatisha. Mtafute kijana wa mkokoteni wa maji, muulize mtungi anauza ngapi siku za kawaida na ngapi maji yakipotea, huyo hana sababu ya kukudanganya. Bei yake izidishe na mitungi mnayotumia nyumbani, ujumlishe na kodi, hapo ndo utajua kama kweli nyumba ya nje ni rahisi.

Wakikwambia kuna kisima, onja. Karibu na bahari visima vingi ni vya maji ya chumvi. Nawa mikono na sabuni, povu likikataa kutoka ushapata jibu, halafu angalia mfereji wa bafuni kama umeshika ukoko mweupe. Watu wanaishi na maji ya chumvi, wanaogea, wanaoshea choo, lakini ya kunywa na kupika utanunua kila siku ya Mungu. Na uliza shimo la choo liko wapi, la kwako na la jirani. Ploti zetu za futi 50 kwa 100 zimebanana, unakuta kisima cha huyu kiko hatua chache tu kutoka shimo la yule. Hapo mi sikai hata nipewe nyumba bure, kuhara na kipindupindu huanzia hapo hapo na wa kwanza kuumwa ni watoto. Angalia pia kama gari la kunyonya choo linaweza kuingia, manake kuna vichochoro hata tuktuk inapita kwa shida.

Halafu mvua. Huku pwani masika hukolea mwezi wa 5, kwa hivyo kama unaweza kusubiri, nenda ukaone mtaa wakati huo, vaa ndara utembee kutoka barabara ya lami mpaka mlangoni. Kama uko kiangazi angalia kuta, maji yakishaingia nyumba huacha mstari, hata wakipaka rangi upya chini utaona plasta imevimba na rangi inabanduka. Na uliza wenyeji ile mvua ya El Niño ya mwisho wa 2023 maji yalifika wapi, kila mtu anakumbuka.

Kuna kitu watu hawafikirii kabisa, upepo. Miezi ya kaskazi, Disemba mpaka Machi, upepo unatoka upande wa kaskazini, kusi ikiingia unageuka, unatoka kusini. Jaa la taka lililo kusini mwa mtaa hutalisikia mwezi wa 1 lakini mwezi wa 7 moshi wote uko kitandani kwako. Kwa hivyo zunguka pande zote, sio ile njia uliyopitishwa na ajenti peke yake. Na chumba kisichopata upepo, juu mabati, usikubali, joto la mwezi wa 3 hapa si la kuvumilia.

Nenda usiku. Hii najua watu wanapuuza lakini kwa kweli mtaa wa saa 4 asubuhi na mtaa wa saa 2 usiku ni mitaa miwili. Shuka stejini uone kama boda ama tuktuk inakubali kuingia ndani saa hizo na inaitisha ngapi, tembea kama kuna taa, sikiliza muziki. Mangwe ya karibu, yaani kilabu cha mnazi, mchana imetulia tu, usiku ndo utajua wateja wake ni kina nani. Kama una binti anayetoka tuisheni jioni ama mke anayefunga duka saa 3, ile njia wataipita wao, kwa hivyo nenda nao waiangalie na wakisema hapana usibishane nao.

Asubuhi yake nenda kwa mama wa mahamri na mbaazi, saa 12 na nusu hivi, agiza, kaa kwa benchi. Hapo utasikia nani kaibiwa, maji yamekatika tangu lini, shule ya karibu walimu wanafika ama hawafiki. Ya shule sitasema mengi, ila hakikisha kuna junia sekondari (gredi ya 7 mpaka 9) karibu, sio praimari peke yake. Na kama kazi yako iko Watamu usikae Maweni kwa sababu ya kodi, nauli itaila yote, tafuta huko Gede.

Kodi ongea mwezi wa 5 ama wa 6, watalii wameondoka, nyumba ziko tupu, mwenye nyumba anasikiliza. Muulize mita ya stima ni yako peke yako ama tokeni za stima mnachanga na wapangaji wengine, hiyo ya kuchanga huleta ugomvi kila wiki.

Kama unanunua ploti basi tulia zaidi. Ardhi ya mwambao ina historia yake, ile sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwaacha wengi bila karatasi kwa ardhi waliyokuwa wakilima, na mpaka leo unakuta hati ina jina la mtu aliye mbali na wanaoishi pale ni kizazi cha tatu. Tena huku mtu anaweza kumiliki nyumba na ardhi si yake, ama minazi ni ya huyu na shamba ni la yule. Kwa hivyo fanya sachi, yaani kuangalia rekodi ardhi ni ya nani, kwa ofisi ya ardhi Kilifi wewe mwenyewe, usipokee ya kuletewa na muuzaji, na kama ploti imekatwa kutoka shamba kubwa hakikisha ishapewa namba yake. Mlete sarveya akuonyeshe bikoni, alama za mpaka, ziko wapi. Lakini sachi haitakwambia nani alipanda ile miembe na nani amezikwa pale nyuma, kwa hivyo uliza wazi wazi, muuzaji akiwepo, mzee wa mtaa akiwepo, na majirani wa pande zote 4 wakiwepo, kabla pesa yoyote haijatoka.