Chai ya maziwa ya kupika ndani ya chumba cha hoteli

Mtu wa Mombasa akisafiri, iwe Dubai kununua bidhaa, India kwa matibabu au Makka kwa Umra, asubuhi ya kwanza humsumbua chai. Chumbani kuna birika la umeme, vipaketi vya majani na vijikopo vya maziwa visivyojaza kijiko. Chai yetu inataka kukaa motoni mpaka viungo vitoe, na birika lile haliwezi kazi hiyo. Themosi inaiweza, kwa kuwa inashika joto muda wote viungo vinapotoa.

Hatua ya 1: Viungo vitoke nyumbani

Pita soko la Marikiti ununue iliki nzima, mdalasini, tangawizi kavu na pilipili manga kidogo. Twanga kwenye kinu viwe chengachenga tu. Vikiwa unga laini vitapita kwenye chujio na kukukwaruza koo. Tangawizi mbichi iache. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri kuingia nayo bila cheti cha afya ya mimea, na maziwa kutoka Kenya, hata ya unga, yatachukuliwa forodhani. Nunua maziwa ukishafika. Majani beba ya kwetu ya punje ndogo, yanatoa rangi upesi. Ongeza chujio ndogo na themosi ya chuma ya nusu lita, ikiwa tupu.

Hatua ya 2: Umeme

Uingereza na Dubai soketi ni za pini tatu kama zetu. Koili ya kuchemshia maji usibebe: hoteli nyingi zinaikataza, na Marekani, kwenye volti 120, koili ya Kenya hutoa kama robo tu ya nguvu zake. Huko Marekani vyumba vingi vina mashine ya kahawa bila birika, kwa hivyo waulize mapokezi mapema. Maji yaliyopita kwenye mashine ile yana harufu ya kahawa, na iliki haiwezi kuifunika.

Hatua ya 3: Birika

Chemsha maji mara moja, umwage. Ukiona magamba meupe chini, hiyo ni chokaa ya maji. London maji yana chokaa nyingi, na chai hufanya utando juu. Tumia maji ya chupa. Funga kifuniko vizuri, maana mvuke ndio unaozima swichi. Na tafadhali, maziwa usiyatie ndani ya birika. Yanafura, yanamwagika, yanaungua chini, na harufu ile anaachiwa mgeni wa baada yako.

Hatua ya 4: Themosi, hapa usiharakishe

Tia maji ya moto ndani ya themosi, funga, subiri dakika 2, mwaga. Chuma kikiwa baridi kinakula joto lote na viungo havitoi kitu. Sasa tia robo kijiko cha chai cha viungo, mimina mililita 300 za maji yanayotokota, funga dakika 5. Ukifungua, iliki ikupige puani. Isipokupiga, funga tena dakika 3. Ndipo utie vijiko viwili vya chai vya majani, ufunge dakika 4. Majani yakitangulia pamoja na viungo, chai inakuwa chungu.

Ukilala Addis Ababa kungoja ndege, ongeza dakika mbili tatu kila mara. Mji uko juu ya mita 2,300 na maji hutokota kwenye nyuzi 92 hivi, si 100 kama hapa kwetu pwani.

Hatua ya 5: Maziwa

Maziwa ya unga yenye mafuta yote ndiyo bora. Yale ya vijikopo hupoza chai bila kuinonesha. Vijiko vinne vya mezani vikoroge kwanza na maji kidogo ya uvuguvugu mpaka mabonge yaishe, kisha chujia chai juu yake. Kama una maziwa ya pakiti, tia gilasi ya maziwa ndani ya bakuli la maji ya moto yapashike kabla ya kuchanganya. Sukari mwisho, kila mtu na kiasi chake.

Makapi yatie kwenye tishu uyatupe pipani, kwani sinki la hoteli huziba haraka. Suuza themosi kwa maji ya moto bila sabuni, uiache wazi ikauke usiku kucha.