Kutoka TUF 6 hadi mkataba wa hali bora: kwa wabanguaji wa korosho Mtwara na Lindi

Mkataba wa hali bora ni makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi. Chama hakiwi msemaji pekee wa wafanyakazi katika majadiliano hayo mpaka kiwe na zaidi ya nusu ya kundi linalojadiliwa, yaani wafanyakazi ambao mkataba utawahusu. Ndivyo kinavyotaka kifungu cha 67 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na mengi huharibikia kwenye hesabu hiyo.

1. Chama. Kiwe kimesajiliwa, kwa mfano TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara. Chukueni kwa katibu wake fomu za TUF 6, ambazo mfanyakazi hujaza kuruhusu ada ya chama ikatwe kwenye mshahara wake.

2. Hesabuni kundi kabla ya kujaza fomu. Tumieni kauntabuku, si kundi la WhatsApp. Simu hupotea na majina ya humo ni ya utani. Andikeni kila idara ukurasa wake: ubanguaji, umenyaji, upangaji madaraja. Mameneja waandamizi msiwahesabu, maana sheria hairuhusu wawe chama kimoja na walio chini yao. Kundi la watu 240 linahitaji 121. Ukiwa na 120 huna kitu.

Ugumu uko kwa vibarua wanaolipwa kwa kilo. Leo mwajiri atasema si waajiriwa, kesho atawaongeza kwenye orodha ili nusu yenu ipungue. Sheria ya Taasisi za Kazi, kifungu cha 61, humchukulia mtu kuwa mwajiriwa, isipothibitishwa vinginevyo, akiwa amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Kwa hiyo kila kibarua aandikiwe tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na kilo zake, kila siku bila kuruka. Na kwa kuwa watu huongezeka na kupungua kwa msimu, kusanyeni fomu zote ndani ya wiki mbili na mzidishe 20 au 30 juu ya nusu.

3. Fomu yenyewe. Jina lifanane na la orodha ya mishahara. Somoe Hamisi wa kwenye fomu na Somoe Issa wa kwenye malipo watahesabiwa watu wawili, hata kama ni dada yuleyule wa meza ya tatu. Asiyeandika aweke dole gumba, lakini mafuta ya ganda la korosho hubabua ngozi na alama hutoka doa jeusi tupu. Chukueni alama asubuhi, mikono imeoshwa kwa sabuni, kabla hawajapaka majivu ya kukinga ngozi. Ikigoma, jaribuni dole la mkono wa pili, na shahidi asaini pembeni.

4. Ilani. Ni taarifa kwamba chama kinaomba kutambuliwa kuwa msemaji pekee. Ipelekeni kwa mwajiri kwa fomu yake rasmi, nakala mbili. Moja irudi na muhuri na tarehe. Ana siku 30 za kukutana na chama. Asipokutana, au msipoafikiana, nendeni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usuluhishi ukishindikana, Mahakama ya Kazi. Ubishi wa idadi mahakama inaweza kuumaliza kwa kura.

5. Makato. Mwajiri hupeleka ada chamani ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Akichelewa bila sababu ya msingi, hulipa asilimia 5 ya deni kwa kila siku.

6. Mkataba wa hali bora. Uandikwe, usainiwe, nakala iende kwa Kamishna wa Kazi. Chama kikishatambuliwa kuwa msemaji pekee, mkataba unamgusa hata asiye mwanachama. Mwambieni hivyo yule anayesita kujaza fomu.