Udongo mgumu kama zege chini ya mti: weka jembe pembeni, tandaza majani makavu

Hapa Mwanza kivuli cha mwembe ndo sebule yetu, bodaboda wanapaki hapo, mama ntilie yuko hapo, watoto wanacheza hapo hapo, sasa udongo unashindiliwa hadi mvua ikinyesha maji yanakimbilia mtaroni na mti unaanza kukauka ncha za matawi. Tatizo sio maji tu, mizizi inataka hewa pia, na ile midogo inayonyonya chakula mingi iko juu juu tu, kama sentimita 30 za kwanza, kwa hiyo ukiingia na jembe eti unalainisha unaikata yenyewe. Jembe hapana kabisa.

Pima kwanza. Siku moja baada ya mvua chukua bisibisi ndefu uisukume kwa mkono, ikigoma kuingia ujue udongo umekaza.

Mwagilia taratibu jioni, maji yazame, kesho yake ndo utandaze. Majani makavu, mabua, vipande vya matawi, maranda ya fundi seremala, vyote sawa. Pumba za mpunga zimejaa mashineni lakini ukiziweka zenyewe upepo wa ziwani unazipeperusha, changanya na majani uzimwagie maji kidogo. Na magugu maji je? Yanafaa sana, ila yaanike mbali na ziwa na mifereji mpaka yawe kahawia yakatike ukiyakunja, mabichi usiweke maana mvua ikiyasomba yanarudi ziwani kuota upya.

Unene sentimita 7 mpaka 10, kuanzia karibu na shina hadi pale matawi yanapoishia, ukiweza pitiliza. Ila shina lenyewe liache wazi kama sentimita 15 kuzunguka, naomba sana hili, watu wanarundika kichuguu kwenye shina gome linaoza na mchwa wanakaribishwa.

Kazi yenyewe wanaifanya minyoo na wadudu, wanakula matandazo huku wanatoboa njia za hewa na maji, inachukua miezi sio wiki, tena watu wakiendelea kukanyaga hapo ni bure. Mawe Mwanza hayajawahi kuadimika, panga duara pembeni, bodaboda wahamie upande wa pili, benchi nalo lisogee. Tandaza Septemba kabla ya vuli, yakioza yakabaki sentimita 5 ongeza juu yake, ya zamani usiyatoe.