Usiuziwe chapa ya nne ukadhani ni ya kwanza

Nakusanya vitabu vya zamani vya Kimarekani, na kinachotafutwa ni chapa ya kwanza, yaani kopi za mara ya kwanza kitabu kuchapwa. Mwanzoni mi nilikuwa naangalia mwaka tu, kitabu cha 1974 nikikuta 1974 najua nimepata. Kumbe wapi! All the President's Men ya wale waandishi wa habari wa kashfa ya Watergate, Woodward na Bernstein, niliyoagiza kwa hela ya maana ilikuwa kopi ya klabu ya vitabu, zile zilizochapwa kivyake zikatumwa kwa wanachama kwa posta, zipo kibao na wakusanyaji hawazitaki.

So ukishika kitabu fungua ukurasa wa hakimiliki, ule wa nyuma ya ukurasa wa jina, utafute mstari wa namba, zile namba kama 1 hadi 10 zilizopangwa pamoja, kila wakichapa upya wanaondoa moja. Namba ndogo kuliko zote iliyobaki ndo chapa yenyewe, 1 ikiwepo poa, ukikuta inaanzia 4 basi hiyo chapa ya nne hata kama mwaka ni uleule. Ila wachapishaji Random House miaka ya 70 walikuwa na mambo yao, mstari wao unaanzia 2 halafu pameandikwa First Edition, na hiyo ndo ya kwanza, walipochapa tena wakayafuta hayo maneno, 2 ikabaki. The Boys on the Bus ya Timothy Crouse, 1973, ni ya kwao, kwahiyo usiirudishe shelfuni kisa hujaona 1.

Kopi ya klabu utaijuaje? Kunjua jaketi, lile karatasi linalofunika jalada gumu, kona ya sehemu iliyokunjiwa ndani lazima kuwe na bei ya dola. Kama hakuna bei, shtuka. Kona ikiwa imekatwa na mkasi pia shtuka, japo kuna watu walikata tu kuficha bei kwa sababu walikuwa wanatoa zawadi. Kisha geuza kitabu, papasa jalada gumu la nyuma huku chini karibu na mgongo, ukisikia kishimo kidogo hiyo ni alama ya klabu, achana nacho.

Jaketi lenyewe ndo pesa ilipo, kitabu kikiwa uchi bila jaketi thamani inaporomoka vibaya, na wapo wajanja wanachukua chapa ya tatu wanaivisha jaketi la ya kwanza, kwahiyo kagua vyote viwili. Kama kina sahihi ya mwandishi, iwe imeandikwa kwenye ukurasa, sio kikaratasi kilichobandikwa.

Kama unanunua mtandaoni omba picha ya ukurasa wa hakimiliki kabla hujatuma hata senti, muuzaji akianza kuzungukazunguka huyo muache. Kikifika kivishe plastiki ngumu ya wazi, kikae mbali na jua la dirishani maana mgongo unapauka haraka, na jaketi likichanika usithubutu kuweka selotepu.