Somo: Gari la spoti, jipya au lililotumika? Piga hesabu hivi kabla hujatuma hela Japani

Wakuu, salaam. Wiki haipiti bila mtu kunitumia picha ya Toyota 86 nyekundu ya 2013 na swali lilelile: "Kwa bei hii niingie, au nisubiri?" Bei yenyewe inavutia kweli. Tatizo ni kwamba ile namba iliyo chini ya picha ni nauli ya kuanzia safari tu, bei ya gari bado hujaiona. Leo naonyesha ninavyopiga hesabu mimi, kwa mtu wa Dar anayeagiza kutoka Japani. Nitatumia 86 kama mfano tangu mwanzo mpaka mwisho kwa sababu ndilo mnaloniuliza zaidi. Mwenye jicho kwenye Subaru BRZ asijisikie mpweke, hayo ni magari pacha na yanatoka kiwanda kimoja cha Subaru kule Gunma.

HATUA YA 1: Jua unalinganisha nini na nini

86 ya kwanza ilitoka 2012. Namba ya chasisi yake inaanza na ZN6 na injini ni ya 1,998cc. Ya sasa, GR86, ilitoka 2021, chasisi ZN8, injini 2,387cc. Kwa macho ni ndugu wa tumbo moja. Kwa forodha ni watu wa koo mbili, mtaona hapa chini.

HATUA YA 2: Kodi, na hapa tukae kidogo

Chukua kalamu. Anza na CIF, yaani gari, bima na meli mpaka bandari ya Dar. Tuiite 100.

Juu ya hiyo 100 kuna ushuru wa forodha 25%, inakuwa 125. Juu ya 125 unakuja ushuru wa bidhaa: 5% kwa injini ya 1,001cc mpaka 2,000cc, na 10% kwa inayozidi 2,000cc. Kisha ushuru wa uchakavu, yaani wa umri wa gari, ambao ndio unaowaliza watu: gari la miaka 8 mpaka 10 linaongezewa 15%, na lililopita miaka 10 linaongezewa 30%, nayo inapigwa juu ya ileile 125. Ukishajumlisha yote, VAT ya 18% inapanda mgongoni mwa jumla hiyo. Kodi inatozwa kodi, ndivyo ilivyo. Sijaweka tozo ndogondogo za reli na forodha, ada za usajili wala hela ya wakala wa kutoa gari bandarini.

Sasa pitisha magari matatu. CIF nilizoweka ni za mfano tu, weka za kwako.

86 ya 2013, CIF dola 9,000. Imevuka miaka 10, injini iko chini ya 2,000cc. Kodi inafika 99 kwa kila 100. Soma tena: gari linajizaa pacha. Unatoka na dola 17,900 hivi.

86 ya 2020, CIF dola 15,000. Injini ileile, haina uchakavu. Kodi ni kama 55 kwa kila 100. Unatoka na dola 23,200.

GR86 jipya, CIF dola 23,000. Halina uchakavu, ila limevuka 2,000cc kwa hiyo lipo kwenye 10%. Kodi 62 kwa kila 100. Dola 37,300.

Angalia hizo mbili za mwanzo. Mtandaoni gari la 2020 lilikuwa ghali kuliko la 2013 kwa zaidi ya 60%. Likishatoka getini pale bandarini, tofauti imeshuka mpaka karibu 30%. Kwa hiyo 30% umenunua miaka saba ya ujana wa injini, matairi, bushi za mpira za miguu ya gari na nyaya. Mimi hapo sijiulizi mara mbili.

Angalizo mbili. Viwango vinaguswa kwenye bajeti ya kila Juni, usitumie hesabu yangu kama msahafu. Na TRA, mamlaka ya mapato, hawalazimiki kuamini ankara yako: wana mfumo wao wa kuthamini magari yaliyotumika, uko wazi kwenye tovuti yao. Weka aina, mwaka na injini, uone wao wanasemaje. Ukimpata muuzaji anayekuahidi "nitakuandikia bei ndogo kwenye invoisi", jua anakuuzia hewa.

HATUA YA 3: Usilidharau jipya kabla hujaangalia yeni

Watu wengi wanaruka jipya bila hata kuuliza bei. 86 ya toleo la GT ilipotoka 2012 iliuzwa Japani kwa yeni 2,790,000, wakati dola moja ni yeni 80 hivi. Hizo ni kama dola 35,000. GR86 ya toleo la RZ ilipotoka 2021 ilikuwa yeni 3,349,000. Ukiibadili kwa yeni 150 kwa dola, kiwango tulichokizoea miaka ya karibuni, inakuwa dola 22,300. Jipya lenye injini kubwa zaidi, kwa dola chache kuliko la zamani lilipokuwa jipya! Tena ndani ya bei hiyo mna kodi ya matumizi ya Japani, 10%, ambayo gari linalosafirishwa nje halilipi. Muulize muuzaji wako kwa upole hiyo 10% imeenda mfuko wa nani.

Kuna pia magari ambayo wauzaji wa Japani wameyasajili lakini hayajatumika, yana kilomita chache tu za kuyahamisha yadi. Yanakuja chini kidogo ya bei ya jipya. Yaulizie.

Kitu kimoja usikilipie: waranti. Waranti ya Japani ni ya Japani. Gari uliloagiza mwenyewe likifa taimingi Kimara, hakuna atakayekuja na boksi la spea.

HATUA YA 4: Karatasi ya mnada

Hii ni ripoti ya ukaguzi wa gari kule mnadani Japani. Dai ile ya asili, yenye mwandiko wa Kijapani, usikubali "tafsiri" peke yake. Alama 4 au 4.5 ni gari safi. 3.5 lina makovu yanayovumilika. R au RA maana yake liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyopigwa rangi au kunyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Gari la spoti lenye W tatu upande mmoja lilikutana na ukuta, hata kama picha zinang'aa.

Na kwa 86 na BRZ za 2012 na 2013: mwaka 2018 kiwanda kiliyaita yarudishwe kubadilishiwa springi za valvu, kazi ambayo injini lazima ishuke. Uliza kama ilifanyika, na ilifanywa na nani.

HATUA YA 5: Hela ya fundi iwe ya gari, isiwe ya dharura

Hii nimeilipia ada mwenyewe. Miaka ile magari yanasajiliwa kwa namba za herufi D, nilinunua Subaru Impreza STI ya 2006, yenye turbo, kwenye yadi moja hapa mjini. Nilipofika, muuzaji alikuwa ameshaipasha moto injini. Nikafurahi kwamba inawaka kwa mguso mmoja. Leo ningegeuza nikaondoka, maana injini iliyokwisha pata moto inaficha magonjwa.

Mwezi wa nne ikaanza kunywa oili. Plagi za Subaru ziko ubavuni, kwa hiyo fundi akaingiza mkono kati ya injini na betri, akahangaika, akatoa ya silinda ya 4. Imelowa, nyeusi kama imechovywa kwenye lami. Akafunga geji ya kompresheni, ile inayopima mgandamizo ndani ya silinda. Silinda tatu zilisoma karibu 150. Ya nne ikapanda mpaka 90 ikakaa. Akanionyesha geji bila kusema neno, akaenda kunawa mikono. Oveholi ilikula theluthi moja ya hela niliyonunulia gari.

Tangu hapo, kwa gari la spoti lililotumika natenga robo ya bei yake pembeni kabla sijalipa. Huo ni utaratibu wangu, si sheria. Inaenda kwenye matairi, pedi na diski za breki, klachi, oili zote, na kwa STI belti ya taimingi kama imekaribia kilomita 100,000. 86 inatumia cheni, hapo unapumua. Mwenye turbo akumbuke pia kwamba STI ya Japani ilitengenezewa petroli ya oktani karibu 100. Ya vituo vyetu haifiki huko, kwa hiyo kompyuta ya gari ipangwe upya na mtu anayejua.

Ukiongeza robo hiyo kwenye 86 ya 2013 ya juu kule, dola 17,900 inakuwa 22,400. Na ile ya 2020 ilikuwa 23,200 kabla hujaigusa.

Bima: kubwa, ukiweza. Tusonge.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kuna 86 namba E iko yadi hapa Mwanza, jamaa anasema ni mpya mpya. Si bora niichukue nikwepe hizo kodi?

Hukwepi mkuu, zimo ndani ya bei. Halafu namba E inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, haikuambii lilitengenezwa lini. Omba kadi, soma mwaka wa kutengenezwa. Faida ya yadi ni kwamba unaligusa kabla hujalipa, basi itumie: nenda asubuhi bila kupiga simu, na ushike boneti kabla hujasalimia, uone kama injini bado ni ya baridi.

Mimi ni mwanamke niko Arusha, nataka Mazda Roadster ya 1.5. Ni jipya au lililotumika?

Dada, hapo ndipo jipya linapopendeza. Injini ni 1,496cc, kwa hiyo hata likiwa jipya linabaki kwenye 5%. Kodi ni ileile 55 kwa 100, tofauti na GR86. Lina uzito wa kama tani moja, halina turbo, mambo ya kuharibika ni machache. Ukichukua lililotumika, kagua turubai na mifereji ya maji nyuma ya viti. Ikiziba, maji yanaingia ndani.

Na sisi wa Mombasa, hesabu hii inatufaa?

Njia yake inakufaa, namba hapana. Kenya hairuhusu mwananchi wa kawaida kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo safu yangu ya 2013 kwenu haipo kabisa. Mnaanzia kwenye ile ya katikati. Siwaonei huruma sana.

Mkuu, Nissan Skyline GT-R R34 je? Si ni gari la zamani, litakuwa limeshuka?

Limepanda, ndugu yangu. Marekani inaruhusu kuingiza gari la nje bila masharti yake mazito likifika miaka 25. R34 GT-R za kwanza ni za Januari 1999, kwa hiyo tangu Januari 2024 unashindana mnadani na Mmarekani. Ongeza uchakavu 30% na 10% ya injini ya 2,568cc: kodi inakuwa 106 kwa kila 100.

Kwa hela hiyo si nachukua Toyota Crown Athlete na chenji inabaki?

Inabaki, na Crown ni gari zuri. Lete swali hilo tukifika somo la Crown.

Nikitaka kuuza baada ya miaka mitatu?

Mnunuzi wa gari la spoti anaogopa kitu kimoja, gari lililochezewa. Ukibadili ekzosi, springi au rimu, usiuze zile za asili, zifunge kwenye gunia uweke stoo. Siku ya kuuza unazirudisha, na hizo ulizofunga unaziuza kivyake. Mimi ekzosi ya STI yangu bado iko chini ya kitanda cha wageni, na gari lenyewe nilishaliuza. Jamaa aliyelinunua akiona hapa, aje aichukue.