Kupanga tundu na mwendo wa kadi ya mtandao kwenye FreeBSD

Mwongozo huu wa FreeBSD, mfumo endeshi wa kompyuta, unamfaa aliyenunua kompyuta ya mtumba Kariakoo, akaifanya lango la intaneti la ofisi, kisha akakuta ping (pakiti ndogo ya kupima mtandao) inajibu vizuri ila faili la megabaiti 20 linatambaa. Kadi hapa ni em0, jina ambalo FreeBSD huipa kulingana na kiendeshi chake. Yako huenda ikawa re0 au igb0. Amri za kubadilisha mipangilio zinataka root (msimamizi mkuu wa mfumo); za kuangalia tu hazihitaji.

1. Jua kadi inaweza nini

`ifconfig -m em0`

Ikiandika `no carrier`, shughulika na kebo kwanza. Kadi za kale zenye matundu matatu, kama 3Com 3c900-COMBO, huambiwa tundu lipi litumike: `ifconfig xl0 media 10base2/BNC`. Usisahau vizibo vya omu 50 kwenye ncha zote mbili za kebo ya BNC, yaani kebo ya zamani ya mviringo (koaksi).

2. Kebo

1000baseT (gigabiti) inahitaji jozi zote nne za nyaya. 100baseTX (megabiti 100) inatosheka na mbili, pini 1, 2, 3 na 6. Kwa hiyo kadi ya gigabiti iliyoganda kwenye 100 mara nyingi ina waya uliokatika au pini zilizoshika kutu, na hewa ya chumvi ya pwani haisaidii. Kata, bana plagi mpya. Nunua kebo ya shaba tupu. Ile ya alumini iliyopakwa shaba hukatika ndani bila kuonekana.

3. Mwendo na dupleksi

Hapa ndipo siku nzima hupotea. Dupleksi ni namna ya kutuma na kupokea: full-duplex ni kwa wakati mmoja, half-duplex ni kwa zamu. Ukiilazimisha kadi hivi:

`ifconfig em0 media 100baseTX mediaopt full-duplex`

inaacha kujadiliana na swichi. Swichi iliyobaki kwenye autoselect (kujipangia yenyewe kwa majadiliano) hutambua mwendo kutokana na mawimbi yenyewe, lakini haina namna ya kujua dupleksi, hivyo huchukua half-duplex. Upande mmoja unatuma wakati wowote, mwingine unadhani ni mgongano, unakatiza na kurudia. Ping ni ndogo, inapenya; faili kubwa linakwama.

Kagua ukiwa unahamisha faili:

`netstat -I em0 -w 1`
`sysctl dev.em.0.mac_stats`

Kadi iliyolazimishwa kuwa full-duplex itaonyesha `crc_errs` (pakiti zilizoharibika) ikipanda; iliyoangukia half-duplex itaonyesha `late_coll` (migongano iliyochelewa).

Msimamo wangu: acha autoselect pande zote mbili. Swichi za bei nafuu zisizopangika (unmanaged) haziwezi kulazimishwa, basi usilazimishe kadi inayoungana nazo. Pale kifaa cha upande wa pili kimefungwa kwenye 100 full-duplex na huna ruhusa ya kukigusa, hapo tu lazimisha na wewe. 1000baseT usijaribu kuikatia majadiliano, maana yanahitajika ili pande mbili zikubaliane upande upi unaongoza mapigo ya saa ya mawimbi.

Ukifanya kazi hii kwa SSH (kuingia kwenye kompyuta kupitia mtandao) kutoka mbali, tega kwanza njia ya kurudi:

`nohup sh -c 'sleep 120; ifconfig em0 media autoselect' &`

Mambo yakienda sawa, ua amri hiyo kwa `kill` kabla ya dakika mbili kwisha. Yakiharibika, subiri tu. Hutalazimika kukaa kwenye foleni ya Morogoro Road kwenda kubonyeza kitufe.

4. Hifadhi

`sysrc ifconfig_em0="inet 192.168.1.10/24 media autoselect"`
`service netif restart em0 && service routing restart`

Amri ya pili iandike yote kwa mkupuo mmoja. Kuwasha upya kadi pekee hufuta njia ya kutokea nje, nawe ukiwa kwenye SSH kutoka mtandao mwingine utakatika kabla hujaandika sehemu iliyobaki.